Nguzo za Pesheni

Kabla ya yote nikiri kosa langu, maana likikaa tumboni litanivimbisha. Hadithi hii nilishaisimulia mara moja, barazani pale Mtambile, siku ya mvua, watu wamekwama wanangoja gari. Nilikuwa naijua nusu tu. Nikamtaja mwenye hatia kwa jina, nikamwiga mpaka anavyotembea, watu wakacheka wakashika mbavu. Gari ikaja, wakapanda nayo, wakenda kuitawanya Mkoani na Chake. Nusu ya pili niliisikia wiki ya baadae, na wale abiria siwezi tena kuwarudisha. Basi leo naisimulia yote, nawe nakuomba usicheke mapema kama nilivyocheka mie.

Bi Mwanakhamis wa Mgogoni ni mjane wa miaka sitini na tatu, mwalimu mstaafu. Miaka thelathini na mbili alisomesha darasa la tatu, na kazi ile ilimwachia jicho lisilosinzia. Alikuwa akiandika ubaoni, mgongo kawapa watoto, huku anajua nani anamwibia nani jawabu. Alipostaafu skuli ikamuaga, lakini jicho alikwenda nalo nyumbani.

Nyumba yake aliachiwa na baba yake. Nyuma ya nyumba, tangu mlango wa jiko mpaka kwenye mti wa mbirimbi, kuna kiwanja cha hatua ishirini kwa kumi na nne. Mpita njia angeona majani tu. Kwa Bi Mwanakhamis kilikuwa kitu pekee alichobakiwa nacho cha kumpa mwanawe. Khairat, binti yake wa pekee, alikuwa Unguja na ndoa yake imeshavunjika. Alipanga arudi baada ya Idi Kubwa na watoto wake wawili, asimamishe vyumba viwili hapo nyuma, apate pa kuanzia.

"Mama, kile kiwanja changu kipo?" alikuwa akiuliza kila akipiga simu.

"Kipo. Kitakwenda wapi, Muscat?"

Sasa, ua wa makuti tu ndio uliomtenga Bi Mwanakhamis na jirani yake Nyange. Babu yake Nyange alikuja kutoka bara zama za kuchuma karafuu, akafia hapa. Baba yake kazaliwa hapa, yeye kazaliwa hapa, na Kipemba chake ukikisikia gizani utadhani ni cha nyanya yako. Lakini watu wana kumbukumbu ndefu kwa yasiyowahusu. Mpaka leo Nyange akikosana na mtu, hata kwa kuku, utasikia mmoja ananong'ona: "Na huyo kwani wa huku?" Bi Mwanakhamis hakuwahi kulisema neno hilo. Alikuwa akiwakaripia wanaolisema. Miaka ishirini na tano walikuwa wakipitishiana mboga juu ya ua ule.

Mwisho wa vuli, Nyange akapiga hodi.

"Karibu. Mmeishiwa na sukari?"

"Leo sukari ninayo, Bi Mkubwa. Nina haja nyengine. Kiwanja chako kinalala bure. Naomba nipande pesheni. Mwanaasha anawauzia juisi watoto wa skuli, na ukwaju umeshawachosha."

"Pesheni si mti?"

"Mti gani! Mmea wa kutambaa ule, hauna hata uti wa mgongo. Usipoutilia nguzo unalala chini kama mgonjwa."

"Khairat anarudi baada ya Idi Kubwa."

"Kabla ya hapo nshang'oa."

"Cha msimu, Nyange. Cha kudumu usinitie."

"Ah, Bi Mkubwa! Mie na wewe ndo tujuane leo?"

Neno hilo la msimu na la kudumu si la mchezo huku kwetu. Ardhi na mti ni vitu viwili. Mtu anaweza kuwa na mkarafuu wake ndani ya shamba la mwenziwe, akauchuma, akafa, wanawe wakaurithi, na mwenye shamba akawa anauzunguka tu akilima. Ndiyo maana ukimwazima mtu ardhi humkatazi mhogo wala kunde. Unamkataza mti. Mti ukishasimama na ukajulikana umepandwa na nani, basi na yeye ana sauti hapo.

Nyange akasimamisha nguzo kumi na moja, nyengine za pembeni, nyengine za kati, akazifunga kwa waya, akatia miche. Bi Mwanakhamis alimtazama kupitia dirisha la jiko akaridhika. Hakuuliza nguzo ni za mti gani. Mwalimu mzima!

Mwezi wa kwanza pesheni ilikaa kimya, kama mgeni anayeona haya kula. Mwezi wa pili ikavua haya. Vile vikono vyake vyembamba vya kujisokota vilishika waya, vikashika kamba ya kuanikia nguo, vikashika mpini wa ufagio uliosahauliwa ukutani. Asubuhi moja Bi Mwanakhamis akaenda kuanua kanga yake, kanga haitoki. Mmea umeikamata pindoni mizungusho mitatu.

"Nyange!" aliita. "Mmea wako unanivua nguo!"

Ng'ambo ya ua Mwanaasha, mkewe Nyange, akacheka. "Muulize kwanza kama ana mahari, Bi Mwanakhamis!"

Walicheka wote. Lakini alipokuwa anaufungua ule mzungusho wa tatu, Bi Mwanakhamis alihisi kitu. Ule mmea ulikuwa na nguvu. Si nguvu ya kitu kinachopita.

Siku ile akachukua kipande cha mkaa, akatia alama kwenye ukuta wa jiko, pale ilipofika ncha ya juu. Asubuhi ya pili ncha imeipita alama kwa upana wa vidole vitatu. Akatia nyengine. Ikapitwa. Kufika Ramadhani ukuta mzima ulikuwa na mistari ya mkaa kama daftari la mahudhurio, na pesheni iko juu ya bati, inachungulia upande wa pili.

Kisha ikaja mvua ya masika, na nguzo zikachipua.

Aliliona jambo lile alipokuwa anatia udhu. Alidhani ni jani la pesheni. Akasogea, udhu haujamalizika, maji yanamchuruzika kwenye viwiko. Halikuwa jani la pesheni. Lilikuwa dogo, la duara, limepangana na wenziwe kwenye kijiti chembamba. Akalitafuna. Mlonge. Akaenda kwenye nguzo ya pili: mlonge. Ya tatu, ya nne, mpaka ya kumi na moja. Zote mlonge, na saba zimeshatoa vichipukizi.

Mlonge ni mti. Unaota, unanenepa, unatoa kivuli, unazaa. Na kumi na moja ile ilisimama kwenye pembe zote za kiwanja cha Khairat, kama mtu aliyepigilia mipaka.

Hakumwita Nyange. Hapo ndipo pa kuanzia kumlaumu, kama unataka kumlaumu. Alirudi akatia udhu upya, akasali, na siku hiyo akaanza kulitumia lile jicho lake la darasani.

Jicho likitumwa kutafuta mwizi halirudi mikono mitupu. Aligundua kuwa Nyange anaingia kiwanjani anapotoka yeye. Akienda sokoni, akirudi anakuta nyayo mbichi kwenye tope. Siku ya Alkhamisi akaaga kwa sauti kubwa kuwa anakwenda kumtazama mgonjwa, akazunguka nyumba, akaingia jikoni kwa mlango wa mbele, akachungulia dirishani. Nyange huyo, na panga. Anapita nguzo moja baada ya nyengine, anazipapasa kama mtu anayepapasa mbuzi kabla ya kumnunua, anapunguza vichipukizi kwa ncha ya panga. Kila akimaliza nguzo anageuka kutazama njiani. Mara akaokota kitu chini, akakitazama, akakitia mfuko wa shati upesi upesi.

Jumamosi yake akamwona na futi kamba. Kapima kutoka mbirimbi mpaka mlango wa jiko, kapima upana, na vipimo anaviandika kwenye kiganja cha mkono.

Jioni akampigia simu Hamdan, mtoto wa kaka yake, aliyewahi kufanya kazi ya kushika ngazi kwa wapima ardhi na tangu siku hiyo anajihesabu ni mmoja wao.

"Shangazi, hao wamekumaliza," alisema Hamdan kabla hajasikia nusu.

"Wamenimaliza vipi?"

"Anapogolea yule! Ukikata kichipukizi kimoja vinatoka viwili. Hiyo ni miti kumi na moja. Akiacha misimu mitatu, nenda kamwambie ang'oe uone. Atakwambia nilipe miti yangu. Na ukimwona mtu anapima, jua maneno keshayapanga."

"Nyange? Siamini."

"Shangazi, samahani. Babu yake alikuja na nini hapa? Na leo wana nini? Umewahi kujiuliza?"

Siku nyengine yoyote angemkatia simu. Siku ile alinyamaza, na kule kunyamaza Hamdan akakuhesabu ni jawabu.

Kuanzia hapo kila kitu kikawa na maana. Mwanaasha akileta bakuli la mchuzi, Bi Mwanakhamis anajiuliza leo kwa nini kuna nyama. Nyange akisalimia, "Umeamkaje, Bi Mkubwa?" anaisikia sauti ya mtu anayepima. Hata mmea wenyewe ulikuwa na lake. Usiku wa upepo majani yake yalikwaruza bati, naye kitandani akawa anafuata sauti ile kwa masikio, leo imefika hapa, kesho itafika juu ya kichwa changu.

Khairat alipopiga na kuuliza, "Kiwanja kipo?" hakutaja Muscat. Alisema, "Kipo, inshaallah," kwa sauti ya mtu aliyepoteza funguo.

Ramadhani ikesha, ikawa Mfungo Mosi, mwezi wa harusi, na jirani yao mwengine, Bi Mwatum, anamwoza binti yake. Wanawake walijaa uani kwake toka asubuhi, wa mchele mchele, wa vitunguu vitunguu. Bi Mwanakhamis alikuwa kwenye vitunguu. Mwanaasha alikalia mbuzi ya nazi, anakuna, kampa mgongo.

"Bi Mwanakhamis," Mwatum alimtania, "siku hizi nyumba yako haionekani. Pesheni imekumeza. Ukizaa na matunda tutakutia kwenye juisi!"

Wanawake wakacheka. Kama angecheka na yeye, yangekwisha. Lakini alikuwa na usiku kumi na tatu bila ya kulala vizuri, na vitunguu vimeshamtoa machozi, na machozi ukishayatoa kwa jambo moja yanatafuta na jengine.

"Cheka tu," alisema. "Wenzio hawapandi pesheni. Pesheni ni pazia. Wanapanda miti kwa nyuma, uamke siku moja kiwanja cha mwanao kina wenyewe. Lakini ndo hivyo. Mtu wa kuja hata akae miaka mia, macho yake yako kwenye ardhi ya watu."

Kisu kikasita. Aliyasikia maneno yake mwenyewe kama yamesemwa na Hamdan.

Uani pakawa kimya, isipokuwa sauti ya mbuzi ya nazi: kwaru, kwaru, kwaru. Kisha na hiyo ikanyamaza. Mwanaasha akainuka. Hakutazama mtu. Aliufuta mkono wake kwenye kanga, kidole kwa kidole, akavaa makubadhi, akatoka kwa mlango wa nyuma. Kile kizio cha nazi kilibaki juu ya sinia, nusu kimekunwa, nusu bado, na hakuna mwanamke aliyethubutu kukimalizia.

"Yarabi," alisema Mwatum. "Bi Mwanakhamis, ndo nini hivyo?"

"Nimesema nilichokiona," alijibu, na akaendelea kukata kitunguu kilichokwisha kukatwa.

Kesho yake, baada ya sala ya alfajiri, akasikia vishindo nyuma ya nyumba. Alifungua dirisha la jiko. Nyange alikuwa peke yake na panga. Alikuwa anaishusha pesheni. Haukuwa mmea wa kushuka kwa hiari. Aliukata huku, umeshika kule, akapanda kwenye bati, akabandua vile vikono kimoja kimoja ili asimharibie rangi ya ukuta. Yalikuwa yameshaanza matunda, vitunda vya kijani, vigumu, sawa na yai la kuku mchanga. Vyote vikaanguka. Alipomaliza waya aliukunja vizuri. Kisha akazing'oa nguzo, kumi na moja, akazifukia mashimo yake, akakanyagia kwa mguu. Zile nguzo akaja akazilaza mbele ya mlango wa jiko, zimepangwa sawasawa, kama wapangavyo kuni za shughuli.

Walitazamana kupitia nondo za dirisha.

"Nyange," alisema Bi Mwanakhamis, "mie sikukwambia ung'oe leo."

"Kiwanja chako hicho, Bi Mwanakhamis," alisema Nyange. Hakusema Bi Mkubwa. Akachukua waya wake, akapita.

Alikuwa ameshinda, na alijilazimisha kulijua hilo. Alitoka akasimama katikati ya kiwanja. Pakubwa! Mwangaza ulimchoma macho. Vyumba viwili na choo, na nafasi ya kuanikia nguo. Akajiambia Khairat atafurahi. Akatafuta kazi ya kufanya, akaona azivute zile nguzo azikate kuni.

Nguzo ya kwanza alipoishika aliona haimkai vizuri mkononi. Upande mnene ulikuwa mkavu na msafi, na upande mwembamba ndio uliojaa udongo. Akaikagua. Tawi la mti, hata likikatwa, linaacha kovu, na kovu lile linaelekea juu, kule lilikokuwa linakwenda. Makovu ya nguzo hii yalielekea kwenye udongo. Akaigeuza, kama alivyokuwa akimgeuzia kitabu mtoto aliyekishika juu chini. Sasa ikakaa sawa.

Akachukua ya pili. Ya tatu. Mpaka ya mwisho. Zote kumi na moja Nyange alizisimamisha kichwa chini, toka siku ya mwanzo.

Baba yake Bi Mwanakhamis alikuwa akifanya hivyo hivyo alipojenga ua. Mti mbichi ukitaka usiote, alikuwa akimwambia mwanawe, utie kichwa chini, hautajua wapi pa kutolea mizizi. Milonge ile haikusikia, ikaota hivyo hivyo kwa ukaidi. Na juu ya magome aliona sasa yale mapigo madogo ya panga: ya zamani yamekauka, ya katikati yana utomvu mgumu, ya juzi bado mabichi, moja juu ya jengine pale pale kila kichipukizi kilipojaribu kutoka. Yule mtu hakuwa anapogolea. Alikuwa anaua. Alikuwa anakuja yeye akiwa hayupo, anatazama njiani asionekane, maana alikuwa anajua, tangu kabla yake yeye, watu watasema nini wakiona mti umeota nyuma ya mkono wa Nyange.

Simu ikalia jikoni. Khairat.

"Mama, baba Nyange ana nini? Nampigia tangu jana hapokei."

"Wewe una shughuli gani naye?"

"Ah. Basi ishaharibika, nilitaka nikushtukize. Nilimwomba anipimie kiwanja, akanitumia vipimo wiki ile. Alisema pesheni ataitoa kidogo kidogo, mwisho wa mwezi aanze kunichimbia msingi. Yeye na jembe lake tu, kakataa hata nimtafutie mtu. Kasema, 'Nimekubeba mgongoni wewe, nitashindwa kubeba udongo?' Mama? Upo?"

"Nipo."

"Kiwanja kipo?"

"Kipo," alisema Bi Mwanakhamis. "Kiwanja kipo chote."

Kile alichokitia Nyange mfuko wa shati siku ile, mpaka leo hakukijua. Huenda ilikuwa konokono tu.

Alivaa buibui, akaokota vitunda vya kijani vilivyokuwa havijapondeka, akavitia kwenye kikapu bila ya kujua anavipeleka kwa nini. Hakupita kwenye ua kama siku zote. Alizunguka njia kubwa, kama mgeni, akasimama mbele ya mlango wa Nyange. Mlango umerudishwa. Makubadhi ya Mwanaasha yapo kizingitini, na viatu vya mpira vya Nyange, vina tope la kiwanja chake.

"Hodi," alisema.

Ndani mtu alikuwa anakuna nazi. Kwaru, kwaru.

"Hodi jamani. Salaam aleikum."

Kwaru, kwaru, kwaru.

Hodi ni tatu, hilo tunafundishwa tungali wadogo: ya tatu usipojibiwa, unarudi ulikotoka wala hunung'uniki. Aliifundisha mwenyewe darasa la tatu, miaka thelathini na mbili. Akakaa muda mrefu kabla ya kuitoa ile ya mwisho.

"Hodi."

Mbuzi ya nazi ikanyamaza. Aliyekuwa anakuna hakuinuka. Bi Mwanakhamis akangoja, akakishika kikapu kwa mikono miwili. Kisha akafanya ambalo hakuwahi kumruhusu mtoto yeyote kulifanya: hodi tatu zimekwisha, na hakuondoka. Alisogea mpaka kipaji cha uso kikakaribia kugusa mbao za mlango.

"Nyange. Mwanaasha. Nguzo nimezigeuza nikaona mlizitia kichwa chini," aliuambia mlango. "Sikuzikata. Zote kumi na moja zipo, na mashimo nayajua yalipo. Njooni mnipandie tena pesheni yenu."